Shibiri Moja Chini ya Bubu

Barua ya bima ilikuwa na adabu kuliko wezi wote waliowahi kumwibia Mama Klachi. Ilimwita mteja wetu mpendwa mara mbili, ikampa pole mara moja, kisha ikamwarifu kwamba gari lake limekufa.

Aliisoma akiwa amesimama gereji kwa shemeji yake, na huyo marehemu alikuwa juu ya lifti mbele yake, bampa la nyuma likining'inia kama mdomo wa mtu aliyenyimwa chai. Ukimbonyeza swichi anawaka. Ukimkanyaga anatembea. Wakati ule ule redio yake ilikuwa ikisoma taarifa ya habari, na msomaji alikuwa amefika kwenye michezo.

"Maiti gani hii inayojua matokeo ya mpira?" Mama Klachi akauliza.

Shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, fundi aliyejifundisha umeme wa magari kwa kufungua vitu ambavyo watu walimkataza kufungua, alifuta mikono kwenye ovaroli. Akasema ameona maiti wengi kwenye ukoo wao, na huyu ndiye mwenye afya kuliko wajomba zake wote.

Jina la Mama Klachi alipewa na wanafunzi. Kwa miaka ishirini na mbili alifundisha udereva kwa magari ya kukodi, akipiga kelele "klachi, klachi" mpaka watu waliokaa vibarazani karibu na uwanja wa mazoezi wakawa wanakanyaga hewa bila kujijua. Halafu, miaka mitatu iliyopita, alichukua kiinua mgongo cha mumewe, akaongeza vijisenti alivyokuwa akivificha kwenye sanduku la cherehani, akanunua gari la umeme lisilo na klachi kabisa. Watu walicheka mpaka wakachoka. Gari wakaliita Bubu kwa kuwa halingurumi. Bubu ndiye aliyekuwa shule yote. Ofisi hakuna, dawati hakuna, kibao cha shule kimebandikwa mlangoni mwa gari. Bubu akiondoka, mwalimu anabaki na sauti tu, na sauti haifundishi mtu kuegesha.

Ajali yenyewe ilikuwa ya kuchekesha, laiti isingekuwa yake. Kwenye usukani alikuwa muuguzi mmoja, mwanafunzi mwoga lakini mtiifu. Asubuhi ile alikuwa ameanza kama sheria ya shule inavyotaka: alizunguka gari na daftari mkononi, akatandika gunia chini, akalala juu yake, akachungulia uvunguni, akaandika kila alichokiona, akatia sahihi. Ndipo akaruhusiwa kugusa ufunguo. Walipofika kwenye kivuko, mzee mmoja akashika njia kuvuka, na muuguzi, kwa mara ya kwanza tangu aanze masomo, alisimama vizuri, mahali panapotakiwa, bila kuambiwa. Nyuma yao pikapu la magodoro halikusimama. Dereva wake alikuwa amegeuza shingo akiangalia mzigo usianguke. Basi ukaanguka. Kishindo, kisha godoro likafunika kioo cha nyuma, jingine likafunika cha mbele, na katika giza lile muuguzi akauliza kwa sauti ndogo kama amefeli.

Hakuna aliyeumia. Mama Klachi alishuka, akahesabu viungo vya mwanafunzi wake, akamtukana mwenye magodoro kwa mpangilio mzuri, kisha akapiga simu bima bila wasiwasi. Alikuwa na bima kubwa. Hilo ndilo lilikuwa kosa lake la kwanza, kutokuwa na wasiwasi. Watu wa bima ni watu wa ajabu: siku ya kukulipisha ni harusi, siku ya kuwadai ni matanga, na matangani kwao hata chai hawatoi.

Mkadiriaji aliyetumwa kuja kupima hasara alikuwa mtu anayemfahamu. Alikuwa mwanafunzi wake wa zamani, kijana mrefu mwenye viatu vyeupe, ambaye shule nzima ilimwita Rivasi kwa sababu hakuweza kurudi nyuma. Mbele alikwenda kama malaika. Ukimwambia arudi nyuma, jasho linamtoka, anageuza usukani kama mtu anayefukuza nyuki. Alifeli mtihani mara tatu kabla ya kupita. Wakati huo alikuwa muuza bima tu, anatembea na fomu kwapani, na ndiye aliyembembeleza mwalimu wake ahamishie bima ya Bubu kwenye kampuni yao, eti amsaidie kufikisha idadi. Mwalimu akaona huruma. Baadaye kijana akapanda cheo, sasa anapima hasara za watu.

Alipokuja gerejini baada ya ajali alisalimia haraka, akapiga magoti juu ya leso yake ili suruali isichafuke, akanyoosha mkono na simu chini ya gari, akapiga picha nne, akaondoka. Hakuuliza kitu. Hata chini hakuinama sawasawa, simu ndiyo iliyoinama.

Katika zile picha nne, ya tatu ilionyesha mkwaruzo kwenye kasha la betri. Barua ilitoka hapo. Betri ya gari la umeme hukaa chini, sakafuni, imelala kama mkeka, na ndiyo nusu ya bei ya gari. Kampuni ilikuwa na sheria yake: kasha likiguswa, betri nzima ibadilishwe, betri ikibadilishwa, gharama inapita thamani, gharama ikipita thamani, gari limekufa. Mwenye gari atie sahihi ndani ya siku saba, achukue fidia kwa thamani ya soko, na gari la kukokota litakuja Ijumaa kuchukua mabaki.

Mama Klachi alimwonyesha shemeji yake hiyo thamani ya soko. Shemeji akaisoma, akapiga hesabu kichwani.

"Kwa hizi utapata Bubu mwingine," alisema, "kuanzia bampa la mbele mpaka kiti cha dereva. Abiria watakufuata kwa miguu."

Fundi alikuwa ameshapima kila kitu. Bampa, mlango wa buti, na chuma cha nyuma kinachopokea kishindo, ambacho kilikuwa kimepinda kwa sababu hiyo ndiyo kazi yake. Betri aliipima umeme unaovuja, hakuna. Maji ya kupozea, hayajapungua. Akaunganisha kompyuta yake, haikulalamika kosa hata moja. Na ule mkwaruzo haukuhusu magodoro hata kidogo. Ulikuwa wa jiwe, la wiki ya kwanza kabisa Bubu alipofika mjini, mwanafunzi mmoja alipoamua kupita juu ya rundo la kokoto badala ya kando.

Ndipo fundi akamweleza jambo aliloliona kwa macho yake. Mwaka uliopita kampuni hiyo hiyo iliua gari moja la bluu la mfanyabiashara wa vioo. Mkwaruzo, barua, sahihi, likakokotwa. Miezi minne baadaye fundi alilikuta linachajiwa mahali, lina namba mpya, limepakwa rangi nyeupe, mzima wa afya. Alilijua kwa sababu waya wa taa ya nyuma ulikuwa na lehemu yake mwenyewe, na mtu hasahau lehemu yake. Betri ilikuwa ile ile. Aliuliza limenunuliwa wapi, akatajiwa yadi inayonunua mabaki ya kampuni, na mwenye yadi ni shemeji wa mtu fulani wa ghorofani kwenye kampuni hiyo.

"Sisi mashemeji tuna mikono mirefu," akamalizia.

Mama Klachi hakucheka. Alikuwa mtu wa kukumbuka, na kukumbuka ni ugonjwa usio na dawa. Alikumbuka kila ada aliyolipa, tarehe na mvua iliyonyesha siku hiyo. Wasemao hawakukosea: mwenye kovu usidhani kapoa.

Alianza na simu. Kinanda kilipigwa, mwanamke wa mashine akamwambia simu yake ni muhimu sana, kinanda kikaendelea. Alihamishwa kutoka idara ya madai kwenda huduma kwa wateja, huduma wakampeleka kwa magari madogo, magari madogo wakamrudisha madai, ambako alikuta kinanda kile kile kimefika pale pale alipokiacha. Siku mbili zikaliwa hivyo. Siku ya tatu alivaa kitenge chake cha mikutano akaenda mwenyewe.

Meneja wa madai alikuwa na ofisi ya kioo na sauti ya kubembeleza watoto. Alimwita mama. Alimpa kiti kinachozama, kile kiti ambacho ukikalia magoti yanakuwa juu kuliko hoja zako. Rivasi alikuwa pembeni na faili, akitazama viatu vyake vyeupe. Mama Klachi alieleza polepole: betri nzima, vipimo hivi hapa vya fundi, na ule mkwaruzo una miaka mitatu.

Meneja akaweka kalamu chini. Mtu wa namna hii anapoweka kalamu chini, kamata mkoba wako.

"Mama, tuelewane," alisema. "Kama mkwaruzo ni wa ajali, gari limekufa, utalipwa. Kama ulikuwepo kabla, basi ulituficha hali ya gari wakati wa kukata bima. Hapo bima yote ni batili. Hutapata hata hicho kidogo."

Mama Klachi alielewa mara moja, kama dereva anayeona njia mbili mbele na zote mbili zina mtaro. Aseme ni mpya, Bubu anakokotwa. Aseme ni wa zamani, Bubu anabaki na yeye anakuwa mwizi, amtengeneze kwa fedha ambazo hana. Meneja akasukuma karatasi ya sahihi mezani, akaongeza kwa huruma kwamba Ijumaa ni kesho kutwa.

Hakutia sahihi. Alijinasua kwenye kile kiti kwa shida, heshima yake ikichelewa kidogo nyuma yake, akatoka. Nje jua lilimpiga usoni, na akiwa anangoja kuvuka barabara, kwa hasira, alianza kumkumbuka Rivasi tangu mwanzo ili amtukane kwa utaratibu. Siku ya kwanza alipokuja. Siku alipogonga pipa. Siku alipoleta fomu ya bima, akaijazia juu ya boneti la Bubu huku akingoja zamu yake ya kujifunza.

Akasimama. Akilini aliona viatu vyeupe viwili vimetokeza chini ya gari.

Fomu ilijazwa asubuhi ya somo. Na asubuhi ya somo hakuna mtu, awe muuza bima awe mtoto wa waziri, aliyegusa ufunguo wa Bubu kabla ya kulala juu ya gunia.

Madaftari yalikuwa nyumbani, kumi na moja, chini ya kitanda, yamefungwa kwa kamba ya katani. Watu huweka dhahabu huko, yeye aliweka miandiko ya waoga. Alimwita shemeji yake, na wakakaa sakafuni wakipekua. Karibu kila ukurasa mkwaruzo ulikuwepo, kila mwanafunzi na lugha yake. Mmoja aliandika umekaa kama mkia wa mjusi. Mmoja, mshairi wa kulazimisha, aliuita kovu la mapenzi. Muuguzi, asubuhi ya magodoro, aliandika: kidonda cha zamani, kimekauka. Walipolifikia daftari la sita, tarehe ile ile iliyo kwenye nakala yake ya fomu ya bima, wakaukuta mwandiko mrefu unaolala upande wa kulia:

*Mkwaruzo chini ya betri, kushoto. Nimeupima kwa mkono, shibiri moja kamili. Haujaingia ndani. Gari salama.*

Na sahihi. Sahihi hiyo hiyo, yenye mkia uliozungushwa mara mbili, ndiyo iliyokuwa kwenye fomu ya kampuni, mahali palipoandikwa "gari limekaguliwa na wakala wetu", ambapo alikuwa ameweka alama ya vema kwenye kila kisanduku toka juu hadi chini, bila shaka kwa pumzi moja.

"Kumbe walijua," shemeji akasema.

"Mkono wao ulijua. Kichwa ndicho kilichokuwa kinahesabu wateja."

Shemeji alitaka wapeleke daftari moja kwa moja kwa meneja, wamwage mboga. Mama Klachi akakataa. Meneja angemtosa Rivasi mchana huo huo, akasema kijana alizembea, kisha angetafuta mtaro wa tatu. Alichokihitaji ni mkadiriaji aseme mwenyewe, kwa karatasi ya kampuni, kabla ya Ijumaa.

Alhamisi mchana alimvizia kwenye maegesho ya ofisi zao. Hakupata taabu kumpata: Rivasi aliegesha mbali na wenzake wote, karibu na geti, mahali pekee ambapo mtu angeweza kutoka bila kurudi nyuma. Lakini siku hiyo lori la maji lilikuwa limesimama mbele yake. Mama Klachi akaenda akasimama nyuma. Rivasi alipomwona kwenye kioo alizima gari mwenyewe.

"Mwalimu, shikamoo."

"Marahaba. Shuka, mwanangu, nina kazi ya kukusomesha."

Alimpa nakala ya ule ukurasa. Rivasi akausoma, akausoma tena, akakaa juu ya ukingo wa barabara, yeye na suruali yake ambayo ilikuwa na leso ya kuipigia magoti. Akaeleza, bila kuulizwa sana. Kwamba meneja aliwaita wakadiriaji wote akawaambia gari la umeme likija, watafute betri. Hakusema waue. Alisema watafute. Kwamba aliukumbuka mkwaruzo ule alipouona kwenye simu, na akapiga picha hivyo hivyo. Kwamba ana watoto wawili.

"Na mimi nina mmoja," Mama Klachi alisema. "Yuko juu ya lifti. Sikuombi uongo, mtoto wa watu wewe, nakuomba ufanye ulichofundishwa. Njoo uzunguke gari. Ulale chini. Uandike unachokiona. Ukishindwa, kesho nakwenda ghorofani na daftari zima, na nakala nimeshapeleka kwa msimamizi wa makampuni ya bima."

Hiyo ya nakala ilikuwa bado haijatokea, lakini alikuwa na nia.

Rivasi alikuja gerejini saa tisa na shati jeupe. Fundi alimshusha Bubu kwenye lifti makusudi, ingawa juu ingekuwa rahisi kuona, kwa sababu mafunzo ni mafunzo. Akamtandikia gunia. Kijana alizunguka gari mara moja, akaandika bampa, akaandika buti, akaandika chuma kilichopinda. Kisha akalala. Viatu vyeupe vikabaki nje. Fundi akazima redio.

Kutoka chini ikatoka sauti, si ya mtu wa bima, ya mwanafunzi.

"Mwalimu, ni shibiri moja. Bado ni shibiri moja."

Mkono ni ule ule na mkwaruzo ni ule ule. Kama pikapu lingeongeza hata ukucha, kidole kingeona. Aliandika hivyo, kwa maneno hayo, akaambatanisha vipimo vya fundi, na chini akaandika kwamba mkwaruzo huu wakala wa kampuni aliuona na kuupima kabla bima haijakatwa, na wakala huyo ni yeye. Hapo alisita muda mrefu, kalamu hewani. Mama Klachi hakumsukuma. Mtu anayejifunza kurudi nyuma humpigii honi.

Akatia sahihi, na ule mkia wake akauzungusha mara mbili.

Ijumaa gari la kukokota halikuja. Jumatatu ilikuja barua nyingine, mteja wetu mpendwa mara moja tu safari hii, ikisema kampuni, kwa wema wake na bila kukubali wajibu wowote, itagharimia matengenezo kama alivyokadiria fundi, na kwamba jambo hili lisichukuliwe kuwa mfano kwa wateja wengine. Mama Klachi alitoa nakala thelathini za barua hiyo. Moja aliibandika ukutani gerejini, juu ya sinki, chini yake ameandika kwa wino mwekundu: CHUKUENI MFANO. Nyingine alizigawa mahali pa kuchajia, pamoja na daftari tupu kwa kila mwenye gari la umeme aliyekubali kulala chini mara moja kwa wiki. Mfanyabiashara wa vioo alichukua mbili. Mwisho wa mwezi kampuni ikampandishia Mama Klachi ada. Alikuwa amelitarajia, akaliandika kwenye kumbukumbu yake pamoja na mvua.

Bubu alipokamilika, ilibidi mkadiriaji aje kukagua na kulijaribu gari kabla fundi hajalipwa. Rivasi hakuwa amefukuzwa. Alihamishiwa kwenye madai ya pikipiki, na kampuni iliamini hiyo ni adhabu. Yeye alisema amelala usingizi mzuri, pikipiki haina gia ya kurudi nyuma. Lakini faili hili lilikuwa lake, ikabidi alimalize.

Sasa gereji ya shemeji ina mlango mmoja, nguzo mbili, na gari huingia kwa mbele. Kutoka ni kwa nyuma tu. Mama Klachi akamtupia ufunguo.

"Toa."

Kijana aliangalia nguzo ya kulia, akaangalia ya kushoto, akaangalia mbinguni. Muuguzi, ambaye mtihani wake ulikuwa kesho yake na alikuja kwa ajili ya somo la mwisho, akasogea kando na begi lake la huduma ya kwanza, akalifungua zipu. Rivasi alizunguka gari, akalala juu ya gunia, akaandika, akaingia, akafunga mkanda. Bubu akaanza kurudi nyuma bila sauti, polepole kama mtu anayetoka kwenye chumba cha mtoto aliyelala. Nguzo ya kulia ikapita. Nguzo ya kushoto ikapita. Mama Klachi aligundua kwamba mguu wake wa kushoto unakanyaga klachi isiyokuwepo. Gari lote likatoka juani, na kila mtu akaachia pumzi, na hapo ndipo likakanyaga ndoo ya fundi ya maji ya sabuni.

Rivasi akashuka. Bampa jipya halikuwa na alama. Ndoo ilikuwa vipande vitatu. Bila kuambiwa alichukua daftari, akaandika, akampa mwalimu wake alisome.

*Ndoo ya fundi imepasuka. Kosa langu.*

Mama Klachi alilisoma mara mbili. Karatasi zote za kampuni ile alizozipokea zilijaza mfuko wa unga, na hayo maneno mawili ya mwisho hakuwahi kuyakuta kwenye hata moja. Akamrudishia daftari atie sahihi, akamwita muuguzi achukue usukani.

"Na ndoo yangu?" shemeji yake akauliza.

"Jaza fomu, shemeji," alisema, akifunga mlango. "Ambatanisha picha nne."